Tiara Juu ya Kilima cha Jaa

Kevo hajaniacha nipumue tangu nilipostaafu. Kila akinipigia simu ni wimbo mmoja: "Mathe, andika hizo stori. Hawa wasee wapya wa karakana wanadhani nyasi hujikata." Kevo ni Mkenya, tumefanya kazi pamoja miaka mingi katika idara ya bustani huku upande wa Herndon, Virginia, na ile mashine kubwa ya kukatia nyasi niliyokuwa naiendesha mimi sasa anaikalia yeye. Basi, Kevo, naandika. Vyeo sitavigusa na mshahara sitautaja. Hayo kila mtu anayajua ya kwake na anayalalamikia mwenyewe. Nitawaambia ya kazi, hasa ya siku ile watu wa Ahmedabad walipokichukua kilima chetu.

Mimi ni Mwanahamisi, mtu wa Tanga. Nilipoingia Marekani nilikaa kwanza Langley Park kwa binamu yangu, kwenye jengo ambalo ukikaanga samaki, jirani wa juu anagonga bomba kuuliza kama umebakiza. Niliposikia kuna mji Virginia unatafuta watu wa bustani, akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye mawaridi. Siku ya kwanza nikaja na mkasi mdogo ndani ya mkoba, na glavu za maua maua. Wakanipokea vizuri, wakanipa ovaroli, wakanipa mwavuli mweusi, wakanipeleka kwenye uwanja wa mpira uliojaa bata bukini.

"Wafukuze," wakaniambia.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya kwanza ughaibuni, kufukuza bata kwa mwavuli. Na msidhani ni bata wa kuonea huruma. Hawa ni wakubwa, wana shingo ndefu na dharau, na wakikuona mgeni wanakuja kwa kundi kama ndugu wa bwana harusi.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Otis, msimamizi wetu, Mmarekani mweusi aliyekuwa akiishi Takoma Park. Kiswahili alikisoma ujanani katika darasa la jioni, akakitunza kama suti ya harusi. Hakikuwa na hata kunyanzi moja, ila kilikuwa rasmi kupita kiasi. Alinitazama nikirudishwa nyuma na bata watatu, akaja taratibu, akasema, "Dada yangu mpendwa, ndege hawa hawana nidhamu hata kidogo. Tafadhali, uelekeze mwavuli wako kwao ukiwa umefungwa, kisha uufungue kwa ghafla."

Nikaufungua. Pwaa! Uwanja mzima ukaruka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa nikajua kwa nini walitaka wale bata waondoke. Ovaroli ile niliifua mara mbili.

Vijana wa karakana, mengi ninayoyajua ni ya Otis. Kabla hujawasha mashine, utembee uwanja wote kwa miguu. Siku moja niliokota meno ya bandia, yakiwa mazima, yanacheka kwenye majani. Fikirieni kama kisu cha mashine kingeyapitia. Kisu chenyewe mkinoe mara kwa mara, maana kisu butu hakikati nyasi, kinazirarua, na kesho yake ncha zote zinakuwa nyeupe kama mvi na kila anayepita anajua mlikuwa na haraka. Mlimani msikate kwa kuzunguka, kateni kwa mstari, na macho yenu yawe mbele, si kwenye simu. Otis alikuwa akisema, "Mteremko haujali elimu yako." Naye alisema hivyo kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiojua hata neno moja, nao wakatii.

Sasa nije kwa Ba.

Ilikuwa majira ya majani kupukutika. Mashine yangu ilizimika katikati ya uwanja na nikawa naigombeza kwa lugha ya nyumbani, maana sehemu zile nilidhani niko salama kabisa. Nikaiambia maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Mara nyuma yangu sauti ya kike ikasema, "Usiitukane, mwanangu. Ikisikia itakuja kuzimika kwenye mvua."

Nikageuka. Bibi wa Kihindi, mfupi, sari ya bluu, juu yake koti zito la baridi, chini viatu vya kukimbilia. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kitupu!

"Shikamoo, bibi. Umekijulia wapi?"

"Marahaba. Nimekaa Ngamiani na marehemu mume wangu, tulikuwa na duka la vitambaa. Nimezaliwa Ahmedabad, nikaolewa Tanga, nikarudi Ahmedabad, sasa mwanangu kanileta huku nimwangalie akitazama kompyuta." Akaangalia uwanja kwa jicho la ukaguzi. "Hizi nyasi wewe ndiye uliyezikata?"

"Ndiyo, bibi."

"Zimekaa kama kichwa cha askari. Vizuri. Watu wote wananiita Ba. Maana yake mama. Nina shida na wewe ndiye utakayeitatua."

Sikuulizwa kama nataka.

Shida yake ilikuwa tiara, zile za karatasi zinazorushwa kwa uzi. Kwao Ahmedabad, katikati ya Januari jua linapogeuza njia, mji mzima unapanda juu ya mapaa. Maduka yanafungwa. Babu, mjukuu, daktari, fundi baiskeli, wote juu, kila mtu na tiara yake, na kazi ni moja, kuukata uzi wa jirani. Ukimkata unapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto. Ba alinieleza huku mikono yake ikivuta na kuachia uzi usioonekana, viatu vyake vya kukimbilia vikicheza kwenye nyasi.

"Siku hiyo mbingu huioni, mwanangu. Unaona karatasi tupu. Na mtaa wetu wa mji wa kale ndio bora kuliko yote. Hao wa ng'ambo ya mto wana majumba mapya na lifti, lakini mkono wa kuvuta uzi hawana."

Huku Herndon walikuwa wengi wa mji huo, wa upande wa kale na wa ng'ambo, na bado walikuwa wakitaniana kama vile mto umewafuata. Lakini mahali pa kurusha hawakuwa napo. Mapaa ya huku ni ya mteremko, utateleza ufike kwa jirani kabla ya tiara yako. Na kamati ya mtaa wao hairuhusu hata kuanika shuka. Kila mwaka siku hiyo walikaa sebuleni, wakala, wakapigiana simu za video na ndugu waliokuwa juu ya mapaa, wakaona wivu.

"Mimi sitakaa tena sebuleni," Ba akasema. "Nitafute mahali."

Nikampeleka kwa Otis. Otis alivua kofia, akainama. "Shikamoo, bibi mtukufu."

Ba akamtazama juu mpaka chini. "Marahaba, baba. Wewe mtu wa Pangani?"

"La hasha. Mimi ni mzaliwa wa Baltimore."

Tangu siku hiyo hao wawili hawakutenganishika. Na mahali tulikuwa napo. Nyuma ya karakana kuna kile kilima ambacho zamani kilikuwa jaa la takataka. Kilifunikwa udongo, kikapandwa nyasi, na waliokijua vizuri ni sisi tunaopanda kukikata. Juu ni uwazi, hakuna nyaya za umeme karibu, miti iko chini kabisa. Upepo wake unanyang'anya kofia.

Mkuu wa idara wakati huo alikuwa Bwana Whitaker, mtu mwema anayeogopa kila kitu. Alisikiliza, akashika kichwa. Uwanja wa ndege uko jirani. Mwewe wanaishi kwenye miti ile. Watu watateleza. Otis akamjibu moja moja kwa upole, akapiga simu kila palipohitajika kuulizwa, mpaka siku moja Whitaker akachoka kukataa. Akakubali kwa mwaka ule tu, kwa masharti: tiara zisipande juu sana, uzi uwe wa pamba, usipakwe kitu cha kudhuru, na wakiondoka asikute hata kipande cha uzi kwenye nyasi wala mtini. Akikikuta, basi, wasiombe tena.

Nilikimbia kumpelekea Ba habari. Nilimkuta jikoni, anazungusha kitu kwenye gunia la mchele. Akatoa kigurudumu cha mbao kilichojaa uzi wa rangi ya waridi, uzi wa kwao, uliopakwa unga wa chupa.

"Tazama!" akasema. "Huu unakata hata mawazo."

"Ba, huo hauruhusiwi."

Nimefukuza bata, nimeangukiwa na tawi la mwaloni, lakini jicho alilonitupia Ba siku ile sitalisahau.

"Uzi usiokata ni uzi wa kushonea vifungo! Niite watu wote wale wapande mlimani waje kushona vifungo?"

"Unaua ndege, Ba. Unakata shingo za watoto. Hata kwenu wanaukataza."

Halafu akakiweka kile kigurudumu mikononi mwangu kama anayekabidhi silaha baada ya vita. Nikaona aibu kukipokea, ila nilikipokea. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema, "Bibi yangu alikuwa anatumia uji wa mchele. Bila chupa. Uji, rangi, na subira. Karakana yenu ina nafasi?"

Basi, vijana, mkiona kwenye nguzo za karakana alama za waridi zisizotoka, msihangaike kuzisugua. Tulifunga uzi wa pamba kutoka mashine moja hadi nyingine, kutoka kwenye reki hadi kwenye ngazi, ukaenda na kurudi mpaka karakana ikawa kama kitanda cha kamba. Ba alipika uji kwenye jiko la umeme la chai. Kevo, aliyekuwa mgeni kazini, alipewa sufuria. Otis alishika kitambaa na kupita polepole akipaka, akisema, "Jambo hili ni zuri sana, ndugu zangu." Ba akawa anamfuata nyuma akimkosoa: "Nyembamba, baba! Unapaka uzi, hupaki ukuta!"

Whitaker akaingia. Alitaka funguo za gari. Akasimama mlangoni, uzi wa waridi umepita mbele ya pua yake, mbele yake bibi wa sari na mwiko.

"Ni nini hiki?"

"Uzi, bwana," Otis akamjibu. "Unakauka."

Whitaker akaugusa ajiridhishe kuwa hauna chupa. Haukuwa nayo. Ila ulikuwa haujakauka, na mchana huo alikuwa na kikao na wakubwa wa mji. Waliokuwepo walituambia aliongea vizuri sana, mkono mmoja ukiwa mfukoni mwanzo mpaka mwisho.

Siku yenyewe ikafika. Theluji kidogo ilikuwa imeanguka, nyembamba kama unga wa maandazi, na watu wakaanza kupanda. Sikuwa nimewahi kuona kilima kile na watu zaidi ya sisi wa nyasi. Walikuja wahandisi, madereva wa teksi, wauza maduka, wanafunzi, mabibi waliofunikwa blanketi. Walikuja mpaka kutoka Maryland. Wa mji wa kale wakachukua upande wa mashariki wa kilima, wa ng'ambo ya mto wakachukua magharibi, na katikati wakaweka meza ya chakula, kwa sababu chakula hakina upande. Kulikuwa na kashata za ufuta na za karanga, kulikuwa na mboga za viazi vikuu, ndizi na mbilingani zilizopikwa chungu kimoja, nikala nikasema, jamani, hii si futari hii?

Tatizo lilikuwa moja. Upepo haukuwepo.

Kilima kinachonyang'anya kofia kila siku ya Mungu, siku hiyo kilitulia kama mtoto anayepigwa picha. Watu walikimbia na tiara zao, zikapanda kidogo, zikalala kwenye theluji. Wakakimbia tena. Wakala. Wakakimbia wakiwa wameshiba, ikawa vibaya zaidi. Wa ng'ambo ya mto wakaanza kumtania Ba kwa Kigujarati, na sikuhitaji mkalimani. Yeye ndiye aliyewaita wote, yeye ndiye aliyewaahidi mbingu. Na ruhusa yetu ilikuwa ya siku hiyo peke yake.

Nikaenda kusimama naye. Alikuwa ameinua uso, shali kichwani, vidole vya kuvutia uzi vimefungwa plasta.

"Ba, pengine tuseme kesho..."

"Nyamaza. Nasikiliza."

Nikasikiliza na mimi, sikusikia kitu. Kisha, chini kabisa, majani makavu ya mialoni yakaanza kusugua. Ba akanishika mkono kwa nguvu. Sauti ikapanda mteremko, ikafika kwenye nyasi, ikafika kwenye pindo la sari yake, ikaichukua shali.

"Sasa!" akapiga kelele, kwa Kiswahili, na kila mtu akaelewa.

Wallahi, nikisimulia bado mwili unanisisimka. Zilipanda zote pamoja. Nyekundu, kijani, manjano, zambarau, zikiwa juu ya weupe wa theluji, zikitingisha mikia, nyuzi za waridi zikipishana juu ya vichwa vyetu. Watu wazima wakawa wanalia na kucheka na kugombana kwa wakati mmoja. Mtu mmoja, profesa aliyekuja na tai, alilala chali kwenye theluji akavuta uzi kwa mikono miwili akimwita marehemu kaka yake kwa jina. Ba hakukimbia hata hatua. Alisimama, akaachia, akavuta mara moja kwa ghafla, na tiara ya kwanza ya ng'ambo ya mto ikakatika, ikaelea kuelekea barabarani kama barua isiyo na anwani.

Kelele ile nadhani ilifika Ikulu.

Otis alikuwa na kipaza sauti cha idara, cha kutangazia watoto waliopotea. Akaanza kutangaza kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda furaha ilimrudisha kule darasani kwake. "Ndugu wananchi! Tiara ya manjano imekatwa! Narudia, imekatwa kabisa! Tunawapa pole wafiwa!" Hakuna aliyejua anasema nini isipokuwa mimi, Kevo na Ba, na kila tangazo lilishangiliwa.

Katikati ya hayo akapanda askari polisi, kijana, anahema. Kuna mtu alipiga simu kusema vitu vinaruka. Nikamwonyesha karatasi ya ruhusa. Alisoma, akaangalia juu, akaangalia karatasi, akaangalia juu tena. Bibi mmoja akampa kashata. Mwingine akamwomba amshikie kigurudumu afunge kilemba cha mjukuu. Alipokirudisha saa yake ya chakula ilikuwa imekwisha, na alikuwa upande wa ng'ambo ya mto kabisa, anawazomea wa mji wa kale.

Jua lilipoanza kushuka ikaja sehemu niliyoiogopa, nyuzi. Zilikuwa kila mahali, mtini, kwenye nyasi, kwenye viatu. Ba akapanda juu ya kiti. Aligawa kilima kama shamba, wa mji wa kale huku, wa ng'ambo kule, akatangaza kwamba upande utakaoacha uzi ndio utakaokuwa umeshindwa, hata kama ulikata tiara zote za dunia. Mngeona watu wenye shahada zao walivyotambaa. Walichambua nyasi kama mtu anayechambua mchele wa harusi. Kevo alipandishwa ngazi kwenye miti ya chini akawa anatupa nyuzi huku akilalamika, "Manze, mimi niliajiriwa kukata grass!" Na mabibi wakampigia makofi.

Jumatatu Whitaker akaja mwenyewe. Akatembea kilima chote akiwa ameinama, mikono nyuma, sisi tumesimama tunamwangalia kama wanafunzi wanaosubiri majibu ya mtihani. Akashuka, akageuka, akapanda tena upande mwingine. Aliporudi uso ulikuwa na mashaka makubwa.

"Sijaona kitu," akasema. "Kilima ni kisafi kuliko mlivyokuwa mnakiacha ninyi."

Ndipo nilipomrukia mkuu wa idara nikamkumbatia. Kwenye kanuni za kazi sidhani kama jambo hilo limo.

Tangu hapo ni kila mwaka. Watu wakawa wengi, upande wa mashariki na magharibi ukaanza kuchanganyika kwa sababu watoto walioana. Mimi nilikuwepo kila mara, nimevaa sare, naangalia miti, naangalia waliosogea karibu na mteremko mkali, nashika mwavuli wangu bata wakileta ubishi. Uzi sikuwahi kuushika. Ukiwa kazini uko kazini.

Januari hii nilikwenda nikiwa sina sare. Nilivaa koti langu la kawaida, nikapanda kilima na binti yangu, nikawa sijui pa kuweka mikono. Ba sasa anakaa kwenye kiti, amezungushiwa mablanketi mpaka kidevuni, lakini vidole viko nje na plasta zake, na kwa miaka yote hii hakuna aliyewahi kumkata. Otis alikuwa na kipaza sauti chake. Ba akaniita.

"Njoo hapa. Leo hufanyi kazi?"

"Nimestaafu, Ba."

"Basi huna kisingizio." Akanisukumia kigurudumu na tiara ya kijani. "Rusha. Nitakukata mapema uende ukale."

"Mama, please, your knee!" binti yangu akasema. Anaelewa kila neno la Kiswahili, kujibu kwa Kiswahili ndiko asikotaka.

Nikarusha. Ikapanda. Sikujua kwamba tiara inavuta hivyo, kama kuna mtu huko juu anayekujua, anakuita uje. Yake nyekundu ikaja juu yangu polepole, bila haraka, nyuzi zikagusana. Nilikumbuka nilichomwona akifanya miaka yote: achia, achia, achia. Nikaachia. Kisha nikavuta kwa nguvu zangu zote, na nikasikia kwenye vidole kitu kimelegea, nikafumba macho nikijua nimekwisha.

Nikasubiri kelele za ushindi, hazikuja. Hata Otis hakutangaza.

Nikafumbua macho. Nyekundu ndiyo iliyokuwa inaelea, inakwenda zake. Nikamgeukia Ba nimuombe radhi, namkuta anasimama, mablanketi yanaanguka moja moja, mwanawe anakimbilia kumshika. Akamsukuma. Akawageukia wa ng'ambo ya mto, mikono hewani, akapaza sauti kwa Kigujarati kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Mmeona? Mmemwona mtoto wa mji wa kale anavyokata?"

Nilijaribu kueleza kwamba mimi ni mtu wa Tanga. Hakuna aliyetaka kusikiliza. Wa mashariki walinizunguka wakiruka, mtu akanitia kashata mdomoni, Otis akapata sauti yake akatangaza jina langu lote mpaka la babu, na mimi nikawa siwezi hata kupiga makofi, maana tiara yangu ilikuwa bado iko juu, inavuta, na sikuwa na haraka yoyote ya kuishusha.